Pofu Aliyekataa Kukanyaga Nyayo za Mbuni

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Pakawa na mbio!

Mbio za nani?

— Za mwenye miguu yake!

Haya, sogeeni. Lakini wewe Mwakio usisogee kiasi hicho, utaniunguzia mahindi. Na anayetaka kunikatiza anikatize sasa hivi, maana Shangazi yenu nikishaanza sipendi maswali. Hakuna? Vizuri.

Hapo zamani, zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana na kusengenyana kama sisi, palikuwa na nchi mbili. Moja ilikuwa nchi ya mbugani, tambarare tupu, majani mpaka macho yachoke. Ya pili ilikuwa nchi ya vilimani, mawe juu ya mawe. Na mbali, mbali, mbali sana, mwendo wa tangu jua linachomoza mpaka linapoinama, palikuwa na chemchemi. Mito ilikauka, chemchemi haikukauka. Madimbwi yalikauka, chemchemi haikukauka. Hata machozi yalikauka, chemchemi haikukauka.

Kila mwaka, kabla ya kiangazi, kila nchi ilitoa mkimbiaji mmoja. Wawili hao walianza pamoja asubuhi, wakaenda. Atakayetangulia kutia mguu majini, nchi yake inakunywa kiangazi kizima. Nchi ya aliyeshindwa inangoja wenzao watosheke, halafu inalamba tope. Ndiyo sheria yenyewe. Msiniangalie mimi, sikuitunga.

Sasa, zamani hizo nazo zilikuwa na zamani zake. Hapo nyuma kabisa aliishi Mbuni Mkuu, babu wa mbuni wote, ndege asiyeruka lakini mwenye mapaja! Mwaka mmoja Mbuni Mkuu alikimbia kwa ajili ya mbuga akashinda. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha, njia ilikuwa tope. Jua lilipotoka, tope likakauka, nyayo zake zikabaki ngumu katikati ya njia, hatua ndefu ndefu, za kupendeza. Wanyama wa mbuga walifurahi mno. Wakazizungushia nyayo zile ua wa miiba, pande mbili, njia ikapita katikati. Wakakata shauri: kuanzia leo, anayetaka kuwa mkimbiaji wa mbuga atajifunza kwa kukanyaga humu, unyayo kwa unyayo, kama alivyokanyaga Mbuni Mkuu.

Sasa nawauliza. Mbuni ana miguu mingapi?

— Miwili!

Swala je?

— Minne!

Punda Milia je?

— Minne!

Na Nyumbu?

— Minne!

Basi nyinyi mna akili kuliko baraza zima la mbugani.

Maana ndivyo walivyofanya. Mlinzi wa nyayo alikuwa Bwana Mbuni, mjukuu wa yule Mkuu. Yeye mwenyewe mbio za chemchemi hakuwahi kuzikimbia hata siku moja, lakini sauti alikuwa nayo, na shingo ya kuitolea. Kila alfajiri aliwapanga vijana mstari mmoja, akapiga kelele: "Nyayo!" Nao wakaitika: "Za Babu!" Wakaingia.

Swala akakanyaga. Miguu ya mbele ikaingia kwenye nyayo, ya nyuma ikakosa pa kwenda. Akateguka kifundo.

Bwana Mbuni akasema, "Hakuwa na bidii."

Watu wote wakasema, "Hakuwa na bidii!"

Punda Milia akakanyaga. Akajinyoosha, akajinyoosha, mpaka kiuno kikalia. Akatoka anachechemea.

Bwana Mbuni akasema, "Hakuwa na bidii."

Watu wote wakasema, "Hakuwa na bidii!"

Nyumbu akakanyaga. Huyu alikuwa na bidii mpaka inatisha. Alikanyaga asubuhi, alikanyaga mchana, alikanyaga jioni, mpaka paja likakatika msuli, akaanguka kwa ndevu.

Bwana Mbuni akasema...

— Hakuwa na bidii!

Mmeona? Hata nyinyi mmeshazoea. Na kila mwaka mbuga ilimpeleka mkimbiaji aliyekwisha kuharibika, na kila mwaka vilima vilishinda, na kila mwaka mbuga ikalamba tope. Likija tope, wakaulizana kosa liko wapi. Na kila mwaka jibu likawa lile lile: vijana wa siku hizi hawazikanyagi nyayo vizuri.

Basi palikuwa na Pofu mmoja, binti, mnyama mkubwa wa umbo la ng'ombe, pembe zimesokotwa. Mnawajua pofu? Wakitembea magoti yao yanalia. Ta! Ta! Ta! Huyu wetu yalilia zaidi. Akipita, watoto wa ngedere walimwigiza kwa kugonga vijiti.

Kiangazi kilichopita, Pofu alikuwa na mdogo wake wa kiume, ndama wa mwaka ule. Walisimama kwenye foleni ya tope, yeye, mama yao na yule mdogo. Foleni ilikuwa ndefu. Yule mdogo akasema, "Dada, nalala kidogo, zamu yetu ikifika niamshe." Zamu yao ilipofika Pofu akamwamsha. Hakuamka.

Tusimame hapo kidogo.

Haya. Mwaka huu mama yake alikuwa na mimba tena, na angezaa kiangazi kikianza. Pofu alitazama tumbo la mama yake, akatazama mawingu yanavyoondoka. Akasema, "Mama."

"Bee, mwanangu."

"Mwaka huu nitakimbia mimi."

"Mwanangu, wewe ni mzito."

"Mzito ndiyo, mama."

"Magoti yako yanalia."

"Yanalia ndiyo, mama."

"Utachekwa."

"Nimeshachekwa, mama. Sasa nataka maji."

Asubuhi akaenda kwa Bwana Mbuni. Swala, Punda Milia na Nyumbu walikuwa wameumia, hapakuwa na mwingine. Bwana Mbuni akamtazama juu, akamtazama chini, akasema, "Haya, ingia. Nyayo!" Pofu akaitika, "Za Babu," akaingia. Siku ya kwanza alijikwaa. Siku ya pili alijikwaa, goti likavimba. Siku ya tatu alifika mlangoni pa ule ua wa miiba, akasimama. Hakuinua mguu.

"Kanyaga!" akasema Bwana Mbuni.

"Sikanyagi."

"Kanyaga, nimekwambia!"

"Sikanyagi."

"Wewe ni nani hata usikanyage alipokanyaga Babu?"

"Mimi ni Pofu," akasema Pofu. "Babu yako alikuwa na miguu miwili akashinda kwa miwili. Mimi nina minne. Nitakimbia mbio za chemchemi kwa hii minne, kwa hatua zangu. Humu ndani siingii tena."

Loo! Mbuga nzima ilisimama. Baraza likaitwa papo hapo. Wengine walisema ana kiburi, wengine walisema amerogwa, na Ngiri akasema labda ni njaa, maana Ngiri kila kitu kwake ni njaa. Mwisho Bwana Mbuni akainua shingo yake yote, akasema: "Kimbia utakavyo. Mwingine hatuna. Lakini ukishindwa, wewe na mama yako mtaondoka mbugani, na hata tope hamtalamba. Umesikia?"

Pofu akamtazama mama yake.  Mama akaitikia kwa kichwa kwamba sawa.

"Nimesikia," akasema Pofu.

Sasa, kukataa ni rahisi. Mghoi, wewe hapo ni bingwa wa kukataa, mwulizeni mama yake. Kazi ni kujua utafanya nini baada ya kukataa. Pofu alikwenda peke yake nyuma ya kichuguu akakaa, hajui aanzie wapi. Hakuna aliyewahi kumfundisha mbio za pofu. Hazikuwepo.

Mgongoni mwake alikaa ndege Mla Kupe. Ndege huyu alikaa migongoni mwa kila mtu, alikuwa na domo, alipeleka umbeya kutoka kwa kifaru mpaka kwa nyati. Asubuhi ile akainama kwenye sikio la Pofu.

"Umelalaje?"

"Vibaya."

"Umekulaje?"

"Sikula."

"Miguu inasemaje?"

Pofu akakasirika. "Miguu haisemi! Na wewe unajua nini juu ya mbio?"

"Mimi mbio sizijui," akasema Mla Kupe. "Nina mabawa, mbio za nini?"

"Basi unaniuliza ya nini?"

"Kwa sababu naona hakuna mwingine anayekuuliza."

 Pofu akasikiliza miguu yake, kwa mara ya kwanza. Goti moja lilikuwa linawaka. Akasema, "Inasema leo tulale." Akalala. Siku nzima! Wanyama walipita wakacheka: tazameni mkimbiaji wetu, bingwa wa kulala. Pofu akawatazama kwa jicho moja, akaendelea kulala.

Kesho yake tena: Umelalaje? Vizuri. Umekulaje? Vizuri. Miguu inasemaje? Inasema twende polepole. Wakaenda polepole. Na huko polepole ndiko Pofu alikoyaona mambo. Aliona kwamba akirukaruka kama Swala, mwili wake mkubwa unapata moto na pumzi inakatika. Lakini akienda ule mwendo wa kati, si kutembea wala si kutimua, ta-ta-ta, ta-ta-ta, pumzi inamtosha na bado anabaki na maneno ya kumjibu Mla Kupe. Ta-ta-ta kupita kichuguu. Ta-ta-ta kupita korongo. Akafika mahali ambapo wakimbiaji wa mbuga huwa wameshaanguka, na yeye alikuwa anaimba. Imbeni na mimi:

*Hatua yangu, hatua yangu,*

— *Ikiwa fupi, ni yangu!*

*Hatua yangu, hatua yangu,*

— *Ikilia ta, ni yangu!*

Nyumbu alimsikia. Alikuwa amelala kivulini na paja lake bovu, ameambiwa hana bidii mpaka ameamini. Akanyanyuka, akasema, "Pofu, naweza kwenda na wewe mpaka kichuguuni? Zaidi ya hapo paja langu halitaki."

"Njoo mpaka kichuguuni," akasema Pofu.

Punda Milia akaja, akasema yeye anaweza mpaka korongoni. Akaambiwa njoo mpaka korongoni. Swala akaja, akasema yeye anaweza mbio za kasi za hapa na pale, kisha apumzike, kisha tena. Akaambiwa njoo, kimbia hapa na pale. Basi kila asubuhi wakatoka pamoja, kila mmoja na mwendo wake, kila mmoja akaishia pake. Hakuna aliyemwambia mwenzake hana bidii. Na Mla Kupe akawa anaruka kutoka mgongo hadi mgongo akiuliza, umelalaje, umekulaje, miguu inasemaje, mpaka sauti ikamkauka.

Lakini msidhani Pofu alikuwa malaika. Siku moja zilikuja habari kutoka vilimani. Mkimbiaji wao ni Mbwa Mwitu, tena anakimbia kila siku iendayo kwa Mungu, asubuhi na jioni, kwa kasi, ulimi nje. Pofu akaingiwa na wivu. Kulipokucha Mla Kupe akauliza: miguu inasemaje?  Pofu akatimka. Akakimbia kama alivyosikia Mbwa Mwitu anakimbia, asubuhi kwa kasi, jioni kwa kasi, kesho yake tena, na tena. Siku iliyofuata hakuweza kusimama. Macho yakaingia ndani, majani yakamshinda.

Mla Kupe alitua mbele ya pua yake. "Miguu ilisemaje?"

"Ilisema hapana."

"Na wewe ukaiambia nini?"

"Nikaiambia inyamaze."

"Sasa nani amenyamaza?"

Pofu alilia. Mimi simlaumu. Mbio zilikuwa karibu, mama yake tumbo limeshuka, na yeye amelala chini kwa sababu ya miguu ya mbwa ambaye hajawahi hata kumwona. Mama yake alikuja na majani mabichi mdomoni, yale yenye maji ndani, akayaweka mbele yake. Hakumkemea. Akasema tu, "Kula, mwanangu," akakaa karibu naye mpaka akala. Ikachukua muda, lakini akanyanyuka. Akarudi kwenye mwendo wake, na tangu hapo miguu ikisema hapana, ilikuwa hapana.

Jambo moja lilibaki: jua. Pofu mchana hupenda kivuli, na mbio za chemchemi mchana hazina kivuli. Akajizoesha. Leo alitoka kivulini akachomwa kidogo, akarudi. Kesho akachomwa kidogo zaidi, akarudi. Mpaka akaweza kukaa na jua bila kugombana nalo.

Siku ikafika.

Mbuga wakasimama upande huu, vilima wakasimama upande ule. Mbwa Mwitu akaja, mwembamba, masikio makubwa, anachekacheka. Sheria ya siku hiyo ni kwamba hakuna kumla mwenzako. Mbwa Mwitu akamnusa Pofu, akasema, "Leo sili. Kesho sijui."

"Kesho nami nina pembe," akasema Pofu.

Fisi akapiga ukelele wa kuanzisha. Mbwa Mwitu akaondoka, huyooo! Vumbi tu. Pofu naye akaondoka. Ta-ta-ta.

Mbuga nzima ikapiga yowe. "Mfukuze! Mfukuze! Anakuacha!" Walilia, walipiga kwato chini, Ngiri alijigaragaza. Pofu alisikia kila neno. Na moyo ulimwenda mbio, msidhani haukumwenda. Lakini miguu ikabaki kwenye mwendo wake. Ta-ta-ta kupita kichuguu, Nyumbu alipokuwa amesimama. Nyumbu hakusema mfukuze. Alisema, "Uko vizuri." Ta-ta-ta kupita korongo. Punda Milia akasema, "Uko vizuri." Na Swala alikuwa amekwisha kukatiza mbele kwa kasi yake, yuko juu ya kilima kidogo, anapaza sauti, "Uko vizuri!"

Jua lilipoanza kuwaka akafika kwenye ule ua wa miiba. Njia inapita katikati, na katikati ziko nyayo. Na mlangoni amesimama nani?

— Bwana Mbuni!

Amesimama, mabawa ameyatandaza huku na huku, ameziba njia yote. Mkimbiaji wa kwao wenyewe! Kiu inakuja kwa wote, na yeye amemzibia njia.

"Kanyaga nyayo za Babu, mbuga yote ikuone," akasema, "ndipo nitakupisha."

"Nipishe, Bwana Mbuni. Mbwa umempisha, yuko mbele."

"Kanyaga!"

"Nipishe, Bwana Mbuni. Mama yangu yu karibu kuzaa."

"Kanyaga!"

"Kwa mara ya tatu, nipishe."

"Kanyaga, mwanaharamu we!"

Sasa, kuna jambo Bwana Mbuni hakulijua, kwa sababu hakuwahi kuuliza. Pofu ni mzito, magoti yanalia, lakini pofu anajua kuruka. Huyu wetu akarudi nyuma hatua chache, akaja, ta, ta, ta, akanyanyuka! Akampita Bwana Mbuni juu, juu ya shingo, juu ya mabawa, juu ya nyayo za Babu na ua wake wa miiba, akatua upande wa pili. Mwiba ukamchana tumbo, damu ikatoka. Akaendelea. Ta-ta-ta. Bwana Mbuni alibaki amechuchumaa, kichwa ameficha chini ya bawa.

Chekeni, chekeni. Mimi mwenyewe kila nikifika hapo nacheka.

Mawe ya vilimani yakaanza. Moto juu, moto chini. Na huko mbele, kwenye kivuli cha jabali, Pofu akamwona Mbwa Mwitu. Amekaa kitako, ulimi umefika kifuani. Alikuwa ameondoka kwa kasi ya kuwinda, na mawindo yake huwa ni mafupi, tena huwinda na ndugu zake wakipokezana. Leo yuko peke yake, na njia haijaisha.

"Dada Pofu," akasema, kwa sauti ya asali, "njoo tukae kivulini. Tukipumzika tutaondoka pamoja, nani atajua?"

Na Pofu alikuwa amechoka. Nisiwadanganye. Tumbo linauma, macho yanaona vitu viwili viwili, na kivuli kile kilikuwa cheusi, kizuri. Alipunguza mwendo. Mla Kupe hakuwepo, ndege walikatazwa kufuata mbio. Basi akajiuliza mwenyewe, kwa sauti: Umelalaje? Nimelala vizuri. Umekulaje? Nimekula vizuri. Miguu inasemaje?

Akasikiliza. Miguu ikasema: *Tupo.*

"Kaa wewe," akamwambia Mbwa Mwitu. "Mimi ninangojwa." Akaongeza mwendo.

Mbwa Mwitu akaruka juu, akamfuata. Wakaenda bega kwa bega, huyu anahema, yule anahema. Harufu ya maji ikaja. Mbwa akatoa kasi yake ya mwisho, akatangulia kwa urefu wa pua. Pofu akatoa ambacho alikuwa hajakitoa muda wote, siku zote zile za kulala, za polepole, za kuchekwa. Mbwa akajikwaa kwenye jiwe, akainuka, amechelewa. Ukwato wa Pofu ukaingia majini. Chubwi!

Pigeni vigelegele!

Habari zikarudi mbugani, mbuga ikaja yote, wenye kwato na wenye makucha, wakanywa. Hakuna aliyesimama kwenye foleni ya tope. Walipotosheka, Pofu akamwita Mbwa Mwitu, aliyekuwa amejilaza mbali, akamwambia, "Njooni mnywe na nyinyi, maji yapo. Tope sitaki kumwona mtu analamba." Wazee wa mbuga walinung'unika. Akawaangalia tu, wakasogea kando.

Na pale pale kando ya maji, mama yake Pofu akazaa. Ndama wa kike, mwekundu, miguu mirefu isiyojua inakotaka kwenda.

Mnadhani hadithi imeisha? Mimi natamani ingeishia hapo.

Kulipokucha Pofu aliamka kwa kelele. Akatazama. Akamwona Bwana Mbuni, yule yule, anakuja na matawi ya miiba, na nyuma yake baraza zima na matawi ya miiba. Wanapanga ua. Wanazungushia nini? Nyayo zake! Zile kwato nne nne alizoacha kwenye udongo laini akiingia majini. Bwana Mbuni akainua shingo: "Enyi watu wa mbuga! Babu amepitwa na wakati. Kuanzia leo, kila mkimbiaji wa mbuga atakanyaga hapa, ukwato kwa ukwato, kama alivyokanyaga Pofu Mkuu! Nyayo!"

Na watu wote wakaitika, "Za Pofu!"

Tena wakasema, mleteni yule ndama, awe wa kwanza. Wakamsukuma yule mtoto wa jana, anayumba, hajui hata kusimama, wakamwinua mguu kumwingiza kwenye unyayo wa dada yake. Unyayo mkubwa, mguu mdogo. Akaanguka kifudifudi.

Na mmoja akasema, nasikia ni Ngiri: "Hana bidii."

Pofu aliposikia neno hilo, juu ya mtoto huyo, alipandwa na hasira. Akaingia ule ua kwa pembe, miiba ikaruka huku na huku. Akazikanyaga nyayo zake mwenyewe! Akakanyaga ya kwanza, akakanyaga ya pili, akakanyaga ya tatu, akazunguka, akarudi, akakanyaga tena, mpaka udongo ule ukawa uji, mpaka haikujulikana wapi ni unyayo na wapi ni ardhi.

"Pofu Mkuu yuko wapi sasa?" akauliza, anahema. "Nionyesheni! Amekanyaga wapi?"

Akaenda akasimama mbele ya ndama.

"Mkitaka kunifuata, njooni tukimbie, nitafurahi. Lakini atakayemwingiza huyu mtoto mguu katika mguu wangu, atakutana na hizi pembe."

Bwana Mbuni aliweka matawi yake chini. Yule ndama akatazama kushoto, akatazama kulia. Akajiinua kwa mbele, ambavyo pofu hawainuki, akayumba, akapiga hatua moja upande ambao hakuna aliyeutegemea. Akaanguka. Hakuna aliyesema hana bidii. Akainuka, akapiga nyingine.

Hadithi yangu imekimbia, imefika, imekunywa maji, imelala. Aliyeipenda aibebe kwa mgongo wake, asiyeipenda atunge yake, moto upo.

Na funzo? Funzo ni hili, wala sitalirudia: aliyeshinda alishinda kwa mwili wake mwenyewe. Ukitaka mtoto afike mbali, muulize mwili wake unasemaje, mpe chakula, mwache alale, mpe wenzake wa kwenda nao, halafu toka njiani apite.

Basi. Na mimi kesho nikichelewa kuamka, asije mtu hapa kuniambia jirani ameshamaliza kulima. Jirani ana miguu yake. Yangu inasema tukalale.